Watu Kumi na Wawili Ndani ya Boti

Orodha ya kwanza ya safari ya Pangani ilikuwa na madumu sita ya maji. Rafaeli Margwe aliiweka juu ya kaunta ya duka langu, pale karibu na stendi ya Karatu, akainyoosha kwa viganja viwili, akaniomba niisome nimwambie kama amesahau kitu. Nikamwambia hujasahau, umezidisha. Watu wanakwenda baharini, wewe unawabebea maji. Akanijibu bila kucheka kwamba yale ya kule ni ya chumvi.

Ndivyo alivyo. Miaka ishirini na saba amekuwa mpishi wa safari, mmoja wa wale wanaopanda gari na masufuria yao wakapiga kambi ukingoni mwa kreta, au Ndutu, au Seronera, mgeni akirudi kutazama wanyama anakuta supu ya moto na mkate uliookwa juu ya makaa. Porini hakuna duka. Ukisahau kiberiti umesahau, na wageni watalala na njaa huku wakikuandikia barua kwa bosi. Basi Rafaeli huandika kila kitu, siku ya kwanza, siku ya pili, sanduku la mayai, sanduku la mboga, nani apande na nini. Harusi ya binti yangu Nasma aliipanga hivyohivyo, na hakuna aliyeondoka bila kushiba. Nilizoea kumtania kwa orodha zake. Siku ile nilimtania kwa sababu sikutaka kulia mbele ya wateja, maana nilijua safari ile ilikuwa ya nini. Tulikuwa wawili tu tuliojua.

Nianze na Lazaro, kifungua mimba wake. Kijana alimaliza kidato cha nne, akakosa kazi hapa, akaenda Tanga kukata mkonge. Mkonge ukamchosha. Rafiki yake akamwingiza kwenye mashua ya kuvulia dagaa huko Pangani, na kila Jumapili alipiga simu nyumbani akijicheka kwamba yeye, Mwiraqw wa kijijini Daa, aliyekuwa akiogopa hata kijito cha nyuma ya shule, sasa analala juu ya maji. Februari ya mwaka jana mashua yao ilipigwa na wimbi ikapinduka. Walikuwa sita. Wanne waliokotwa asubuhi wakiwa wameshikilia madumu, wawili hawakuonekana. Baada ya wiki tatu ulikuja mfuko kwa basi, mzigo wa kupokelewa stendi, wenye suruali mbili, redio ndogo na kipande cha sabuni. Mimi ndiye niliyeupokea, kwa kuwa duka langu liko karibu.

Sasa kuna kikundi chetu. Tuko kumi na wawili, Wairaqw, Wanyaturu, Mchaga mmoja, na mimi Mrangi wa Kondoa, Waislamu na Wakristo, na kazi yetu kubwa ni kuzikana. Kwa mwanachama kukitokea msiba, wanawake tunakwenda na kuni, mahindi na maharage, tunalala chini siku tatu, tunapika, tunaosha vyombo, tunamlisha mfiwa kwa lazima. Wanaume wanachimba kaburi na kukaa kwenye moto nje. Kila mmoja anatupa udongo kwa mkono wake. Asiyefika hutozwa faini, na faini si kitu, aibu ndiyo inayoumiza. Mwenyekiti wetu ni Mwalimu Domitila, mstaafu, mnyoofu mpaka anakera. Yeye ndiye aliyetuandikia katiba, na katika katiba hiyo kuna kifungu kinachosema msiba ni pale palipo na maiti au kaburi. Kilikuwa na sababu yake. Zamani tulikuwa na mwanachama ambaye mjomba wake wa Singida alikufa mara mbili, na mara zote mbili tulimchangia.

Rafaeli alipoleta habari ya Lazaro kikaoni, Mwalimu alivaa miwani akakisoma kile kifungu mpaka mwisho.

"Baba Lazaro, nakuhurumia kama ndugu yangu," akasema. "Lakini tukianza kuzika wasioonekana, tutakuja kuzika hata walio hai. Tusubiri."

Akauliza nani anaunga mkono. Mikono ikanyooshwa, na wangu ulikuwemo. Sina cha kujitetea. Kwetu Waislamu kuna swala ya ghaibu, maiti asiyekuwepo huswaliwa, kwa hiyo nilijua kabisa kwamba jambo hilo lina njia yake, nikanyamaza kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kurudi dukani. Padri alimsomea Lazaro misa asubuhi moja ya Jumatano. Tulikuwa watu watano, na mmoja wao ni mfagiaji.

Baada ya hapo watu wakaanza kumwita Mzee Rafaeli. Hakuna aliyeamua, ilitokea tu, jina la Baba Lazaro lilikuwa limegeuka kidonda na wengi walikuwa wanaogopa kulitamka. Yeye alinyamaza. Mkewe Hosiana ndiye aliyekataa. Jirani mmoja alimwita dada Hosiana kisimani, akamjibu, "Mimi ni Mama Lazaro. Nani amewaambia nimebadilishwa jina?" Na kweli kwake hakuna kilichobadilika. Mtu fulani sokoni, Mungu amsamehe, alimpa hadithi kwamba wavuvi huokotwa na meli zikawapeleka Komoro, wakakaa huko bila karatasi hata miaka miwili, ndipo wakarudi. Hosiana akaishika hiyo. Zile suruali mbili akazifua, akazipiga pasi, akazitundika. Simu yake hakuiacha izimike chaji hata siku moja. Rafaeli hakuwahi kumwambia neno, si la kukubali wala la kukataa. Kitanda kimoja, upande mmoja mtoto amekufa, upande wa pili yu hai, na wenye kitanda wanasalimiana vizuri kila asubuhi.

Novemba alikuja dukani, akasubiri wateja waishe. Kila baada ya miaka miwili kikundi chetu hufanya matembezi, safari iliyopita tulikwenda kwenye maji moto ya Manyara tukala mbuzi. Zamu imefika. Akasema atapendekeza Pangani, mwisho wa wiki, siku tatu, na Jumamosi wote tupande boti.

"Halafu?" nikamwuliza.

"Halafu tukifika pale, nitawaambia. Nitakuwa na udongo wa Daa, wa pale alipolala baba yangu."

"Si uende mwenyewe, Baba Lazaro? Mimi nitakusindikiza."

"Mtu anazikwa na mikono ya watu, Mama Nasma. Nikienda peke yangu nitakuwa nimemwaga udongo majini, basi. Nataka wote kumi na wawili."

Nikamwambia huo ni uongo. Akasema ndiyo, ni uongo. Nikamwuliza Mama Lazaro je. Akafuta kaunta yangu kwa kiganja ingawa ilikuwa safi, akasema atazungumza naye akirudi, akishakuwa na kitu cha kumwambia. Nilipaswa kumbana hapohapo. Mdomo huu unaowasumbua watu wa Karatu nzima, siku hiyo uliniishia.

Kikao kilipenda wazo la Pangani kupita kiasi. Hakuna kati yetu aliyewahi kupanda boti. Felisiani, dereva wa watalii, mtu wa maneno mengi, alisema yeye amewapakia Wazungu miaka yote na sasa ni zamu yake kupakiwa. Wanawake wakaanza habari ya sare, kitenge kimoja wote, na mimi muuza vitenge nikaagizwa nikilete. Nilileta cha bluu chenye samaki. Wakashangilia, nikaona aibu, nikawakatia kwa bei ya kununulia.

Tatizo lilikuwa tarehe. Sisi watu wa Karatu tuna likizo moja tu, ile ya masika, Aprili na Mei, mvua inapoharibu njia za porini, wageni wanakata mguu na nyumba za wageni zinafunga. Mpishi na dereva huwezi kuwapata mwezi mwingine wowote. Basi tukaandika Aprili bila hata kujadili, kama tulivyozoea kuandika harusi, ubarikio na ujenzi wa choo. Rafaeli akampigia nahodha wa huko, Muksini, simu ikiwa imewekwa sauti ya juu kaunta kwangu.

"Aprili?" yule bwana akasema. "Mzee wangu, mvua za masika hizo na kusi linaanza. Boti za matembezi tunazipandisha nchi kavu. Njooni Januari, bahari imetulia."

"Januari tuko Serengeti na wageni."

"Oktoba basi."

"Oktoba pia."

Rafaeli akaanza kumhoji kama anavyohoji ofisi ya hifadhi. Mnafungua saa ngapi, mwisho wa kutoka saa ngapi, mtu akichelewa inakuwaje. Muksini alikuwa anacheka. Akasema bahari haina geti, inafunguka na kujifunga kwa saa zake, na leo si sawa na kesho. Rafaeli hakuelewa. Maisha yake yote mahali pakubwa palikuwa na geti, na ukiwahi saa kumi na mbili unapita. Ndipo akazima ile sauti ya juu, akaiweka simu sikioni, akageukia ukutani na kumweleza ukweli. Alizungumza kwa muda mrefu. Alipomaliza alikuwa ameandika pembeni mwa orodha: Jumamosi saa mbili, maji yakijaa, hadi nje kidogo ya mdomo wa mto, zaidi ya hapo hapana.

"Ameniambia anapajua mahali penyewe," akasema. "Ni mbali kuliko hapo tutakapofika. Ila maji ni yaleyale."

Miezi mitano iliyofuata nilimwona akipanga kama mwehu. Aliandika upya zile orodha mara nne. Aligundua kwamba watu hutapika botini, akafuta mtori wa asubuhi akaandika uji mwepesi na tangawizi. Alitafuta nani anaogopa maji akampangia akae katikati. Mtu mmoja alipotaka kujitoa kwa sababu ya presha, Rafaeli alimfuata nyumbani mara tatu, akampeleka kupima, akambembeleza mpaka akarudi. Felisiani akamtania kikaoni, "Mpishi, maji umeshayavulia nguo, huna budi kuyaoga." Watu wakacheka. Walidhani anapenda matembezi. Mwalimu Domitila alimsifu, akasema laiti wote tungekuwa na moyo huo wa kujitolea. Mimi nilikuwa natazama chini.

Hosiana hakutaka kuja. Alialikwa, kwa kuwa wenza wanaruhusiwa, akasema nyumba isifungwe, mtu anaweza kufika akakuta kufuli. Ijumaa alfajiri alimleta Rafaeli stendi na sweta la kuvaa botini, akanivuta pembeni ya Coaster tuliyoikodi.

"Mama Nasma, mkifika huko ulizeni. Watu wa pwani wanajuana. Ulizeni hata hospitali."

"Tutauliza, Mama Lazaro."

"Uliza wewe. Baba Lazaro ni mpole mno, atauliza mara moja tu."

Nikasema sawa.

Tulifika Pangani jua linazama, miguu imevimba. Jumamosi kulikucha na manyunyu. Muksini alikuwa anatusubiri kwenye kingo za mto, mwanamume mfupi, mzee kuliko sauti yake. Alimsalimu Rafaeli kwa mikono miwili na hakumwachia haraka. Alitugawia makoti ya kuokolea, ya rangi ya chungwa, tukayavaa juu ya samaki wetu wa bluu, tukapigana picha. Mto ni mpana na wa matope, na mpaka hapo Felisiani alikuwa bado anaongea, anatuonyesha minazi kwa Kiingereza kama sisi ndio wageni wake. Tulipofika mdomoni boti ikaanza kunyanyuka na kushuka. Mama mmoja akaanza kusali. Felisiani akanyamaza, akashika ubao.

Muksini akapunguza injini. Rafaeli akasimama katikati, mkono mmoja begani kwangu asianguke. Alikuwa ameandika maneno kwenye karatasi, nilijua, nilikuwa nimemsaidia kuyaandika, lakini karatasi haikutoka mfukoni. Alifungua kindoo cha siagi alichokuwa amekificha chini ya sanduku la matunda.

"Jamani nisameheni," akasema. "Nimewaleta kwa uongo. Haya siyo matembezi. Nimewaleta kumzika Lazaro."

Injini ilikuwa inanguruma polepole. Nikaona nyuso zikitafuta mahali pa kutazama, na popote walipotazama palikuwa maji. Mwalimu Domitila alikuwa amekaa mbele yake, maji ya mvua yanamtiririka kwenye miwani.

"Ungetuambia," akasema mwishowe, na sauti haikuwa ya kikaoni.

"Niliwaambia, Mwalimu. Mwaka jana."

Mwalimu alishikwa na kitu. Alikiangalia kile kitenge, akajaribu kuwafunika samaki kwa koti kama mtu aliyekutwa hajavaa. Kisha akavua miwani, akaingiza mkono kwenye kindoo, akatupa udongo. Baada yake wote, mmoja mmoja, wengine wakitambaa kwa sababu kusimama hakukuwezekana. Felisiani alilia kwa sauti kama mtoto, naye ndiye ambaye hakuwahi kuonana na Lazaro hata mara mbili. Mimi nilitupa wa kwangu nikasoma Fatiha. Udongo wa Daa ni mwekundu. Ulikaa juu ya wimbi kidogo sana, ukaenda. Rafaeli alitupa wa mwisho, akasuuza kindoo baharini, akakifunika vizuri, akakaa. Nilimtazama uso. Alikuwa ametulia kuliko nilivyomwona kwa miezi kumi na minne, na mimi, nitasema ukweli, nilifurahi kwamba nilimsaidia kudanganya.

Sikuuliza hospitali yoyote. Sikumwuliza mtu.

Jumapili ndani ya gari hakuna aliyeimba. Tulipopita Mombo, Mwalimu Domitila alisimama mbele akishikilia kiti, akasema kikundi kilikosea, yeye akiwa wa kwanza, na kile kifungu atakifuta kwa mkono wake. Msiba umefanyika, maziko yamefanyika, kilichobaki ni matanga, na matanga yataanza kesho asubuhi kwa Mama Lazaro, siku tatu kamili, kila mwanamke na kuni zake. Wote wakaitikia. Ilikuwa ni heshima ambayo Rafaeli aliililia mwaka mzima. Nilimgeukia Rafaeli. Alikuwa amefungua mdomo. Nikangoja aseme kwamba mkewe hajaambiwa, kwamba mkewe anangoja meli kutoka Komoro, tumpe siku mbili. Akaufunga. Mtu anayeweza kukumbuka kiberiti, chumvi na kamba ya akiba hakuwa amepanga hilo. Na mimi niliyekuwa najua, nikajiambia ni mambo ya mume na mke, usiku huu atamwambia.

Hakumwambia. Alifika amechoka, Hosiana akamwekea maji ya kuoga na chakula, akamwuliza kama wameuliza, naye akasema wameuliza. Hayo alinieleza baadaye.

Jumatatu saa mbili asubuhi tulipanda njia ya kwao, wanawake saba, kuni kichwani, mahindi, maharage, sufuria kubwa. Mwalimu alitangulia. Kwa desturi kilio huanzia kwenye lango, na mtu wa kwanza akilia wengine hufuata. Mwalimu akaanza. Nasi tukafuata, na yangu ilitoka kweli.

Hosiana alitoka nyuma ya nyumba mbio, mikono imelowa, anaifuta kwenye gauni. Alipotuona na kuni akashika kichwa.

"Jamani, ni kwa nani? Nani ametutoka?"

Vilio vilikatika kimoja baada ya kingine. Rafaeli alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, hakuinua kichwa.

"Ngojeni," akasema Hosiana, akijifunga kitambaa vizuri kichwani. "Msiniache. Nichukue kanga na unga, twende wote."

Akaingia ndani. Tulimsikia akifungua pipa, akichota. Mwalimu alinitazama, nami nikatazama mahindi. Tungeweza kuondoka. Nimelifikiria hilo mara nyingi, kwamba tulikuwa na dakika nzima ya kuondoka. Lakini kuni ni nzito, na mmoja wetu akaushusha mzigo wake, kisha mwingine.

Hosiana akatoka na kanga begani na kisado cha unga mkononi, akatukuta tumeshaweka kuni chini.